Re: Kuthibitisha par kwa denotesheni? Mkuu usifanye hivyo

Mkuu simama hapo hapo. Umesema tasnifu yako itathibitisha kwa semantiki ya denotesheni (ile inayoangalia programu inamaanisha jibu gani tu, si jinsi linavyopatikana) kwamba programu yako ya Haskell yenye par, yaani kidokezo kwamba a inaweza kupigwa sambamba na b, inagawa kazi vizuri kwenye kore za prosesa. Njia hiyo nimeipita, imenila miezi minane.

Kwenye denotesheni, par a b ni sawa na b. Basi. Hiyo a imefutika, kore ziwe mbili au sitini hakuna tofauti, ulichothibitisha ni kwamba par haiharibu jibu, na hilo ni la mstari mmoja. Mimi nilijaza kurasa arobaini, na msimamizi wangu kila wiki "safi, endelea", mtu ambaye hajawahi kuendesha hata programu moja ya par! Mpaka leo nikikumbuka nachemka, ni kama kupima mbio za farasi kwa kuangalia picha yake.

Siku nilipoiendesha programu yangu ndo nikaona balaa. Nilikuwa nimewasha cheche (kazi ambayo par inaiweka pembeni ichukuliwe na kore iliyo huru) kwenye map f [1..1000], yaani f kwa kila namba ya orodha, nikijua elfu yote inapigwa pembeni, kumbe cheche inaishia kwenye konstrakta (kijenzi cha data) ya kwanza, ile nukta mbili (:) inayounga kichwa cha orodha na mkia wake, hata f 1 yenyewe haijaguswa, imeachwa kwenye hipu, yaani kumbukumbu zinapokaa hesabu, ikisubiri atakayeihitaji, elfu nzima ikaja kuangukia uzi mkuu peke yake. Halafu nilitumia seq a b nikidhani inapanga nani atangulie, wakati seq inaahidi tu kwamba a ikiwa botomu (hesabu isiyoisha au inayoanguka kwa kosa) basi jibu zima ni botomu, kompaila inaruhusiwa kuanza na b. Anayepanga ni pseq, na kwenye denotesheni hao wawili ni mapacha, huwatofautishi hata ukeshe.

Kwahiyo chochote kinachohusu nani anafanya nini na lini, shika semantiki ya utekelezaji, inayofuata programu hatua kwa hatua, yenye hipu ndani yake. Anza na makala ya Launchbury ya 1993 uone jibu linavyoandikwa juu ya hesabu iliyokuwa inasubiri, isirudiwe tena. Kisha makala ya Baker-Finch, King na Trinder ya 2000, hao kila kitu kwenye hipu wamekipa lebo: kimelala, kiko tayari, kinafanya kazi, au kimezuiwa. Hapo unaiona cheche ikitoka kulala ikawa tayari, kwa macho yako.

Chukua programu ya mistari mitatu uipeleke hatua kwa hatua kwa mkono kabla hujagusa teoremu yoyote. Ukikwama bandika hipu yako yote hapa, nitaipitia.