Waulize Wakunga: Mfuko wenye mistari, mtoto asiyelia, na simu ya Leicester

SWALI: Mke wangu amejifungua juzi hospitali ya rufaa. Mtoto alipotoka tu, mkunga alimtandikia mke wangu chini mfuko wa nailoni wenye mistari, akawa anauchungulia kila mara. Baadaye akamwita mwenzake waliyesema ni mkunga mbobezi. Kwa nini si daktari?
Mume, Morogoro

JIBU: Daktari naye huitwa, lakini damu haimsubiri afike. Mfuko ule umekatwa kama faneli. Damu inateremkia kwenye ncha yenye alama za mililita. Bila mfuko, damu hukadiriwa kwa jicho, kwa kutazama khanga na pedi zilizolowa, na jicho karibu kila mara hupunguza. Mzazi anahesabiwa kutokwa damu kupita kiasi ikifika mililita 500 ndani ya saa 24, ila mkunga makini hangoji huko. Ikigota 300 na mapigo ya moyo yamepanda au presha imeshuka, kazi inaanza.

Mmoja anaweka mkono usawa wa kitovu, anausugua mji wa mimba mpaka ukaze uwe mgumu kama mpira uliojazwa upepo. Mji uliolegea ndio chanzo kikubwa: pale kondo la nyuma lilipobanduka mishipa iko wazi, na kinachoifunga ni misuli kujikaza. Mwingine anatundika dripu na kutoa oksitosini, dawa ya kukaza mji, uniti 10, kisha asidi ya traneksamiki, dawa ya kusaidia damu igande, gramu 1 kwenye mshipa, polepole, kwa dakika 10. Mkojo unatolewa, maana kibofu kilichojaa huuzuia mji kukaza. Kondo linageuzwa pande zote kuona kama limetoka zima, na njia inamulikwa taa kutafuta palipochanika.

Yote hayo yafanyike kwa mkupuo, ndani ya dakika 15. Kosa lililozoeleka ni kufanya moja, kutazama, kusubiri, ndipo la pili. Utafiti uliofanyika Tanzania, Kenya, Nigeria na Afrika Kusini, uliochapishwa 2023, ulikuta kwamba kupima kwa mfuko na kutibu kwa mkupuo kulipunguza kwa asilimia 60 jumla ya wazazi waliovuja lita moja au zaidi, waliopasuliwa tumbo kwa sababu ya damu, au waliofariki kwa kutokwa damu.

Mkunga mbobezi hapo ndiye anayegawa kazi, anashika saa na kusema "sasa twende thieta", yaani chumba cha upasuaji. Asipokuwepo wa kuamua, utakuta watu wanne wanasugua tumbo moja na hakuna aliyempigia daktari simu.

Yupo pia adui asiyeonekana: oksitosini iliyolala mezani badala ya kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8. Joto huimaliza nguvu na kichupa hakibadiliki sura. Sindano inachomwa, mji haukazi, kisha tunaambiwa mzazi ana "mji mlegevu".

SWALI: Semina nimehudhuria tatu, vyeti ninavyo, lakini usiku mtoto asipolia mikono bado inatetemeka. Nifanyeje?
Muuguzi mkunga, Geita

JIBU: Semina ya mara moja kwa mwaka haikai mikononi. Kinachokaa ni dakika 10 na mdoli wa mazoezi, kila wiki, hapo hapo wodini, na wenzako wa zamu. Mradi wa Safer Births Bundle of Care, katika hospitali na vituo 30 vya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza, ulijengwa hivyo: wakunga wa palepale waliandaliwa kuwa wawezeshaji wa wenzao. Matokeo yaliyochapishwa 2025 yalionesha vifo vya watoto ndani ya saa 24 za mwanzo vikishuka kwa takriban asilimia 40.

Mkiwa na mdoli, msirudie yale mnayoyaweza. Kukausha na kusugua mgongo kila mtu anajua. Zoezi liwe kwenye ambu, ule mfuko wa kubonyeza wa kumpulizia mtoto hewa: pumzi ya kwanza iingie kabla dakika ya kwanza haijaisha, halafu kama 40 kwa dakika. Maski ifunike kidevu, mdomo na pua, isiguse macho. Macho yako yawe kifuani pa mtoto. Kifua hakipandi? Rekebisha maski, nyoosha kichwa, safisha mdomo, kisha bonyeza kwa nguvu kidogo zaidi. Wengi dakika ile huipotezea kwenye kufyonza kamasi mara tatu nne, ilhali kufyonza mno kunaweza kushusha mapigo ya moyo wa mtoto.

SWALI: Nilijifungua juzi mtoto akiwa ameshafariki tumboni, wiki ya 36. Nimepewa namba ya mkunga anayehudumia waliofiwa na watoto. Nimpigie kwa lipi, na mtoto sina?
Mama, Leicester, England

JIBU: Pole sana, mama. Mpigie kwanza kwa ajili ya maziwa, maana yanaweza kujaa siku hizi hizi. Kipo kidonge cha kabergolini cha kuyazuia, lakini kama ulikuwa na presha ya mimba mkumbushe, huenda kisikufae. Kama dini yako inataka maziko ya haraka, mwambie leo: cheti cha hospitali husainiwa na mkunga au daktari, ndipo mwende kwa msajili, na kwa England kuandikisha kuna ukomo wa siku 42. Kama umeajiriwa, likizo ya uzazi unayo; haki hiyo haiondoki mtoto anapozaliwa amefariki baada ya wiki 24. Mwulize pia ni lini utakaa na daktari kusomewa majibu ya uchunguzi wa kondo. Na ukitaka mkalimani wa Kiswahili, omba kabla ya kikao, hulipii. Usimtume mwanao mkubwa kutafsiri.