Barabara hupitikaje wakati wa theluji?
Ndugu yangu, umeuliza vipi miji ya baridi huweza kupitisha gari katika dhoruba za theluji, ilhali kwetu Unguja masika yakishika kidogo tu njia hujaa maji. Kwa maoni yangu, siri kubwa ni kuwahi: kabla theluji haijaanguka, magari hunyunyiza maji yenye chumvi ya takriban asilimia 23, ili barafu isishikamane na lami. Chumvi yenyewe ni ileile ambayo Pemba huvunwa kwa maji ya bahari, ila wao aghalabu huichimba ardhini. Hufanya maji yachelewe kuganda, lakini baridi ikizidi nyuzi 9 hivi chini ya sifuri nguvu zake hupungua sana, ndipo humwagwa mchanga ili tairi zipate kushika. Magari yenye bamba pana la chuma mbele husukuma theluji pembeni, yakianzia barabara kuu. Vichochoro husubiri, na manung'uniko hayakosi. Montreal, nchini Kanada, theluji hupakiwa kwenye malori ikaondolewa kabisa, lakini kwanza hupigwa ving'ora mtaani, na asiyeondoa gari lake huvutiwa kwengine.