Dada wa Sakina, angalia riba kabla ya bei

Dada yangu, umeuliza kama uendelee kushika hisa za kampuni yenye madeni makubwa au uziuze umalizie msingi wa nyumba hapo Sakina. Usianze na bei ya hisa. Fungua taarifa ya fedha ya mwaka, chukua faida ya uendeshaji (faida kabla ya kutoa riba na kodi), igawanye kwa gharama za riba. Ukipata 4 au 5, kampuni inapumua. Ukipata 1 na kitu, karibu kila kinachopatikana kinaishia benki, gawio, yaani mgao wa faida kwa wenye hisa, usilihesabu.

Kisha soma maelezo ya mikopo, zile kurasa za nyuma ambazo wengi hawafiki: inaiva lini, na inadaiwa kwa fedha gani? Anayeuza kwa shilingi huku akidaiwa dola huumia shilingi ikishuka, hata mauzo yakiwa mazuri.

Ng'ambo ya mpaka wa Namanga tu hapo, Kenya Airways: mwaka 2017 sehemu ya madeni iligeuzwa kuwa hisa mpya za waliokopesha, na umiliki wa KLM, shirika la ndege la Uholanzi, ukashuka kutoka asilimia 26.7 hadi 7.8. KLM hiyo! Sisi wenye hisa mia tano tutajitetea vipi? Halafu Julai 2020 hisa zikasimamishwa sokoni Nairobi mpaka Januari 2025. Muda wote huo, hata uwe na ada ya shule, huuzi.

Deni lililojenga kiwanda kinachozalisha halinitishi. Linalonitisha ni mkopo mpya wa kulipia mkopo wa zamani. Ukilikuta hilo humo, na hela ni ya msingi wa nyumba, mimi ningeuza.