Wastani wa alama ni mzuri, lakini wamejifunza?

Swali: Nafundisha mekanika, yaani fizikia ya mwendo na kani (nguvu za kuvuta na kusukuma), mwaka wa kwanza chuo kikuu. Wastani wa mtihani wangu hauvuki wala haupungui sana asilimia 64, ila wenzangu wa mwaka wa pili wanalalamika kuwa wanafunzi hawaelewi misingi. Nipime vipi?

Jibu: Mwalimu mwenzangu, alama ya mwisho hukuonyesha mwanafunzi alikofika, si alikotoka. Wiki ya kwanza, kabla hujafundisha lolote, wape maswali 20 hivi ya dhana, yasiyohitaji kikokotoo. Usiwape majibu. Wiki ya mwisho wape yaleyale, kisha gawanya alama walizoongeza kwa zile zilizokuwa zimebaki kufikia 100. Darasa lililotoka 40 hadi 58 limepata 18 kati ya 60, yaani 0.30. Lililotoka 70 hadi 82 limeongeza 12 tu, lakini kati ya 30: ni 0.40. Mwanafizikia wa Marekani, Richard Hake, alikusanya vipimo vya namna hii vya wanafunzi zaidi ya 6,000 wa fizikia, na mwaka 1998 akaonyesha kuwa madarasa ya mhadhara mtupu yalipata wastani wa 0.23, na yaliyoshirikisha wanafunzi 0.48.

Usiishie kwenye namba. Soma makosa yenyewe. Uliza hivi: jiwe limerushwa wima, sasa limefika kileleni, kani gani inalivuta au kulisukuma? Wengi watajibu kuwa kani ya mkono bado imo, ila imelingana na mvutano wa dunia. Ukiacha hewa, ni mvutano peke yake, tangu jiwe lilipotoka mkononi. Na huyohuyo aliyekosa atakokotoa urefu jiwe lilikofika bila kuteleza! Nimesahihisha karatasi za aina hiyo miaka mingi na bado zinaniuma, maana mwanafunzi huyo anafaulu.

Basi kosa hilo ulipeleke darasani. Kila mmoja achague jibu kimya kimya, uhesabu mikono, usitaje lililo sahihi. Wakigawanyika, wape dakika mbili tatu kila mtu ajaribu kumshawishi jirani yake, kisha wachague tena. Mwalimu wa fizikia Eric Mazur alianza kufundisha hivi Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, mwaka 1991. Wakiwa karibu wote wamekosa, hawana cha kushawishiana, fundisha upya.

Halafu maswali mapya ya aina hiyo yaingie kwenye mtihani, yawe na alama za maana. Wanafunzi husoma kinachotahiniwa.