Nani Anasaini Kwanza?

Swali lenu la wiki, "Je, viongozi wa asasi za sanaa zisizotafuta faida wanalipwa kupita kiasi?", limenikuta nina la kusema. Miaka sita nimeshika vitabu vya hesabu vya kikundi kimoja cha ngoma na maigizo hapa Dar es Salaam. Jibu langu: wengi hawalipwi kupita kiasi, wachache wanalipwa, na kuwatambua huwezi kwa kutazama ukubwa wa mshahara peke yake. Tazama foleni. Pesa ikiingia, nani anasaini kwanza kupokea chake?

Kwetu pesa ya mfadhili ilikuja kwa awamu. Ya kwanza ikishaingia benki, mshahara wa mkurugenzi na wangu ulitoka siku ileile, maana sisi tulikuwa kwenye fungu la uendeshaji. Wapiga ngoma na wachezaji walikuwa fungu la shughuli. Fungu hilo lilingoja ripoti, ripoti ikangoja picha na stakabadhi, stakabadhi zikangoja saini ya mtu aliye safarini.

Kulikuwa na mzee mmoja mpiga ngoma, sote tukimwita Babu. Alikuwa akipanda daladala kutoka Mbagala, anafika ofisini saa nne, anakaa kwenye benchi la nje, kofia magotini.

"Mjukuu wangu, leo imetoka?"

"Bado, Babu. Wiki ijayo."

Nikawa nampa nauli, shilingi 2,000, kutoka kwenye pesa ya matumizi madogo, naye anasaini vocha kwa herufi kubwa kubwa. Mwisho wa robo mwaka nilipojumlisha nikakuta amekuja mara tano. Yaani tumetumia shilingi 10,000 ili aje kuulizia posho ya 40,000. Nililifunga lile daftari kwa aibu.

Sasa, mkurugenzi wetu alikuwa analipwa sana? Wala. Mshahara wake usingempangishia hata chumba Masaki. Mradi ulipoisha na mwingine haujaanza alikaa miezi minne bila senti, na umeme wa ofisi akaununua kwa pesa ya mfukoni mwake. Katika miezi hiyo minne alikuwa analipwa kidogo mno. Siku ya awamu ya kwanza, Babu akiwa benchini, alikuwa analipwa kupita kiasi. Na mimi vilevile.

Wamarekani wametuzidi kwa jambo moja: mshahara wa mkubwa wa asasi si siri. Kila mwaka asasi kubwa hujaza Fomu 990 ya mamlaka ya kodi, na humo malipo ya wakubwa yameandikwa kwa majina, asome atakaye. Tena tangu sheria ya kodi ya 2017, asasi ikimlipa mkubwa wake zaidi ya dola milioni 1 kwa mwaka, inatozwa kodi ya asilimia 21 kwa kile kilichozidi. Hata hivyo mishahara ya namna hiyo ipo. Bodi huulizia wenzao wanalipa kiasi gani, kisha kila bodi inataka mkurugenzi wake asiwe chini ya wastani. Basi wastani wenyewe unaumuka kama unga uliotiwa hamira.

Kisa nisichokisahau ni cha Okestra ya Minnesota, mjini Minneapolis. Mwaka 2012 uongozi uliwataka wanamuziki wakubali kukatwa kama theluthi moja ya mshahara wa msingi. Walipokataa, wakafungiwa milango tangu Oktoba mwaka huo hadi Januari 2014, bila mshahara. Humo katikati ikajulikana kwamba mtendaji mkuu, Michael Henson, alikuwa amepata bonasi za zaidi ya dola 200,000 kabla ya mgogoro. Mwongozaji wa muziki, Osmo Vänskä, akajiuzulu. Wanamuziki wakarudi kazini kwa kupunguziwa asilimia 15, Henson akaondoka mwaka huohuo wa 2014, na Vänskä akarudishwa. Mwaka mwingine bonasi ile pengine isingezua neno. Ilinuka kwa sababu mkubwa alikuwa ameshakula ndipo wadogo wakaambiwa chakula hakitoshi.

Machi 2020, wakati wa korona, Kennedy Center, kituo cha sanaa cha Washington, ilitengewa na Bunge la Marekani dola milioni 25 za kuinusuru, na papo hapo wanamuziki wa okestra yake, National Symphony Orchestra, wakaarifiwa kuwa mishahara yao itasitishwa. Wakapinga, mwisho wakakubaliana wapunguziwe. Lakini rais wa kituo wakati huo, Deborah Rutter, alikuwa ameshauacha mshahara wake wa kama dola milioni 1.2. Utasema ni kujikosha. Kwangu mimi, angalau alijua kukata kunaanzia wapi.

Wanaosema sanaa ni wito, kiongozi aridhike na kidogo, siwaungi mkono. Wito haulipi ada ya shule. Tamasha la muziki la Sauti za Busara, Zanzibar, lililoanza 2004, halikufanyika 2016 kwa kukosa fedha. Chuo cha muziki cha DCMA pale Unguja, kilichofunguliwa 2002, kilinusurika kufungwa mwaka 2019 kwa sababu hiyohiyo. Mtu anayeweza kuiweka wazi milango ya namna hiyo mwaka hadi mwaka ni wa kutafutwa kwa tochi, na alipwe. Ukiweka mshahara wa kiongozi chini mno, kazi ataichukua mwenye mali yake, au yule ambaye mwenzake nyumbani anafanya kazi ubalozini. Tunawajua.

Kwenye andiko la mradi uliofuata nikaihamisha mistari: posho za wasanii juu kabisa, zilipwe siku ya onyesho, mishahara ya ofisi chini yake. Mfadhili akapiga simu kuuliza kama nimekosea. Nikamwambia sijakosea. Akapitisha.

Onyesho la kwanza Babu akasaini kabla hajafuta jasho. Siku tisa baadaye mkurugenzi akasimama mbele ya meza yangu, mikono mfukoni.

"Dada, yangu imetoka?"

"Bado, bosi. Wiki ijayo."

Nauli hakuomba. Ana gari.