Jifunze wenyeji kabla wageni hawajafika

Vijana wanaoanza kuangalia ndege huku kwetu, kuanzia Iringa mpaka Mbeya na Tukuyu, huwa wana swali moja: ndege wageni wa kutoka Ulaya wanaingia lini? Wa kwanza huanza kuonekana Septemba ikielekea ukingoni, wengi hufika Oktoba na Novemba, kisha Machi na Aprili wanaanza kurudi. Sasa nikuulize na mimi: ndege wa uani kwako unawajua?

Nauliza kwa sababu hawa wageni wadogo hawafiki na mbwembwe. Dume unayemwona kitabuni amepigwa picha kwao, msimu wa kuzaliana, manyoya mapya na anaimba kutwa. Huku anafika manyoya yamechakaa kwa safari, mara nyingi kimya, na wengine ni makinda ya mwaka huohuo ambayo hayafanani na picha yoyote. Utamtambua kama unavyomtambua mgeni mtaani: unawajua majirani wote, na huyu si mmoja wao. Kwa hiyo Julai na Agosti, baridi ikiwa kali, vaa sweta utoke. Mjue shorewanda kwa sauti bila kumwona. Wajue chozi wa kwenu.

Chukua mfano wa mshika nzi. Mbeya mjini, kwenye bustani zenye miti mikubwa, yupo mwenyeji mdogo wa mviringo, kijivu, kifua kisicho na michirizi ya wazi. Jina lake la kitaalamu ni Muscicapa adusta. Oktoba anaingia binamu yake, Muscicapa striata, mrefu zaidi, mwenye michirizi kifuani na utosini. Hukaa wima kwenye tawi kavu au waya wa fensi, anaruka kunasa mdudu, anarudi palepale. Ukiwa umemzoea wa kwanza, huyu wa pili atakushtua mwenyewe.

Au yule kijani-manjano anayepekuapekua majani bila kutulia, Phylloscopus trochilus. Wanaoanza humchanganya na yule mwenyeji wa manjano mwenye duara jeupe kuzunguka jicho. Mgeni hana duara. Ana mstari hafifu juu ya jicho, na mlio mfupi unaopanda, “hu-iit”. Uzito wake ni kama gramu 10. Watafiti waliofunga vifaa vidogo vya kurekodi mwanga kwa ndege wa jamii hii kutoka mashariki ya mbali ya Urusi waligundua kuwa huruka kilomita zipatazo 13,000 kuja Afrika Mashariki. Ukimwona kwenye mgunga kule Isimila, karibu na Iringa, usimpite haraka kisa hana rangi.

Mbayuwayu wana mtihani wao. Anayetoka Ulaya ana koo jekundu-kahawia, chini yake mkanda mpana mweusi, kisha tumbo jeupe. Wa huku wa Angola (jina tu, anazaliana hapa) wekundu wake unashuka hadi kifuani, mkanda ni mwembamba au umekatika, na tumbo limefifia kijivu. Usihukumu kwa urefu wa mkia, makinda wana mkia mfupi.

Hifadhi ya Kitulo nenda, ila usiende kwa ajili ya wageni wa Ulaya tu. Mbayuwayu wa buluu huja kuzaliana kule kwenye nyasi wakati wa mvua, na hujenga kwenye mashimo ardhini, hata ya mhanga. Mvua zikiisha huelekea upande wa Ziwa Victoria. Huyo anasafiri ndani ya Afrika yenyewe, na kwangu mimi anazidi wote.

Kama una siku moja tu, chagua asubuhi baada ya mvua ya kwanza kubwa. Kumbikumbi wakitoka, wenyeji na wageni hukutana angani na mitini kwenye karamu moja, hata vipanga wanashuka. Simama karibu na kichuguu uwaache waje. Kukimbizana nao hakusaidii kitu.

Kuhusu vifaa: darubini ya 8x42 (inakuza mara nane, lenzi ya mbele milimita 42), daftari, penseli. Kalamu ya wino ikilowa umepoteza asubuhi yako. Ila kabla ya kuinua darubini shambani kwa mtu, piga hodi. Ukionekana unachungulia bila kusema neno, watu watadhani umekuja kupima viwanja, na hawatakosea sana kuwa na wasiwasi. Salimia wazee, mweleze mwenyekiti wa kijiji, waazime watoto darubini. Wenye manati ndio wanaojua kila kiota kilipo. Kambi za jeshi na uwanja wa ndege wa Songwe, darubini ibaki kwenye begi.

Na andika. Tarehe, mahali, saa, alichokuwa anafanya. Zile asubuhi za Septemba ambazo hukumwona mgeni hata mmoja, ziandike pia, maana bila hizo huwezi kusema alifika lini. Rekodi hizo zipeleke eBird, tovuti ya kukusanya rekodi za ndege, au Atlasi ya Ndege Tanzania. Nyanda zetu za juu bado zina maeneo mengi yasiyo na mwandishi.