Ukitaka ndege na nyasi, panda basi la Kondoa

Mkuu, umeuliza hapa Dodoma uwapeleke wapi watoto wakaone ndege na nyasi, pasipo safari ndefu ya mbugani. Wadau wa juu wamekutajia Chinangali. Ni bustani nzuri ya kupumzikia jioni, sibishi. Ila kwa ulichouliza, mimi nakushauri vilima vya Irangi, Kondoa. Hadi Kondoa mjini ni kama kilomita 160 hivi, lami tupu.

Vilima vile miaka ya 70 vilikuwa wekundu mtupu, udongo umeshuka wote, makorongo kila mahali. Mwaka 1973 serikali ikaanzisha HADO, yaani Hifadhi Ardhi Dodoma, kwa msaada wa Sweden. Wakachimba makingamaji, wakapanda miti, lakini ng'ombe walikuwa bado wanapita humo humo. Ndipo 1979 mifugo yote ikaondolewa kwenye eneo la zaidi ya kilomita za mraba 1,200. Nyasi zikarudi, vichaka vikafuata. Ila ukiongea na wazee wa Kirangi usitegemee sifa tupu: kuna familia zilikosa maziwa na samadi kwa mpigo, na ng'ombe wakapelekwa kwa ndugu huko nje ya eneo. Miaka ya baadaye ndipo wakaruhusiwa kufuga kwa kulishia bandani.

Ukiwa njiani kwenda Ziwa Haubi, lililo humo humo vilimani na ndiko waliko ndege, simama utazame makorongo. Kingo zilizokuwa zinaporomoka sasa zimeshikwa na majani. Mimi hapo hukaa muda kuliko hata ziwani.

Ziwa Haubi lenyewe linategemea maji yanayoshuka vilimani, kwa hiyo mwaka wa ukame husinyaa vibaya. Mvua zetu ni msimu mmoja, Desemba hadi Aprili. Ndege wanaohamia kutoka Ulaya huanza kuondoka Machi, hivyo Februari ndiyo yenye ndege wengi, na tope pia. Mwenye gari dogo aende Mei: yangeyange na bata utawakuta, na majani bado marefu. Beba darubini, na upite ofisi ya kijiji kusalimia kabla ya kuzunguka kando ya mashamba ya watu.

Muda ukibaki, sogea Kolo kwenye michoro ya miambani, iliyoingia urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2006. Pale kuna kiingilio na utapewa mwongozaji, usije ukarudi hapa kunilaumu.